Kofia Nne na Telegramu Mbili

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za stoo, nikavua ovaroli kwa mara ya mwisho, na wenzangu wa gereji wakanipa saa ya ukutani. Sijui kwa nini mtu akistaafu hupewa saa, siku ile ile ambayo hana haja nayo tena. Nilishukuru hata hivyo. Kisha mmoja wenu akaniuliza ni gari lipi lililonipa taabu kuliko yote, nikamwambia jibu lake ni refu, si la kusimama mlangoni. Basi nimekaa, nimeandika.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Gereji ina vyeo viwili tu: anayelala chini ya gari, na anayesimama kando akimwuliza bado. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi hatukuinama, tulilala kabisa, na mchanga wa Malindi ukatuingia masikioni.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitokea Kakuyuni. Baba yangu alikuwa na mikorosho na mihogo, na hakuona sababu ya mtoto wa kiume kwenda mjini kulala chini ya chuma cha mtu mwingine. Mama ndiye aliyenitetea. Alisema mihogo haikimbii, nikishindwa nitaikuta. Nikaondoka alfajiri kwa miguu nimevaa shati la kaka yangu, na nilipofika gereji jua lilikuwa limeshapanda na shati limelowa jasho mgongo mzima.

Gereji yenyewe ilikuwa nyuma ya soko, paa la mabati na sakafu ya mchanga uliokunywa oili mpaka ukagandamana. Mwenye gereji tulimwita Tajiri, naye hakulikataa jina hilo. Fundi mkuu alikuwa Fundi Mselem, mzee wa Shela, mji wa kale wa Malindi, mjane, mrefu, wa maneno machache. Kusoma na kuandika alijifunza chuo cha Kurani kwa maalimu, shule ya serikali hakuikanyaga. Kila asubuhi alikuja na kikoi kilichopigwa pasi, akabadili nguo nyuma ya pazia la gunia, na jioni akaondoka na kikoi kile kile bila tone la oili. Miaka yote sikujua alifanyaje.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea karai la mafuta ya taa lililojaa boliti chakavu. Akasema nizioshe, na nikimaliza nianze tena. Nilizitazama boliti zile nikamkumbuka baba na mihogo yake.

Kazi hiyo niliifanya mwezi mzima. Nilipoanza kuchoka akaja na jambo jipya: nifumbe macho, anitie boliti mkononi, nimwambie ni ya spana gani na kama meno yake yameliwa. Nikikosea, naosha. Alinifundisha kupitisha ukucha polepole palipoungana vyuma viwili, kwa kuwa ukucha hukwama kwenye ngazi ndogo ambayo jicho haliioni. Alikuwa akinifundisha kuona kwa vidole, nami nilidhani naadhibiwa.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Spana alizifunga ndani ya turubai lenye mifuko. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo ncha yake aliigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akasikia kilicho ndani. Leo mnachomeka kompyuta, nayo huwaambia uongo kwa maandishi mazuri. Lakini chombo alichokithamini kuliko vyote kilikuwa mkeka. Kila kilichotoka kwenye gari kililazwa juu ya mkeka kwa utaratibu wa kutoka kwake, na kilirudi kwa utaratibu huo huo. Hakuandika namba wala hakubandika karatasi. Mtu akiuvuka mkeka wenye vyuma, Fundi Mselem hakumkemea, alimwonyesha karai tu.

Desturi yake ya pili ilikuwa kutotupa chuma cha zamani mpaka kipya kiende safari na kurudi. Tulimcheka kwa hilo, kwa sababu kila mwenye gari aliondoka na furushi la takataka chini ya kiti.

Nilipofika mwaka wa tatu, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mbele yake hakuna aliyelisema. Tajiri alilisema nyuma yake, tena si mara moja: siku mteja mmoja atakapolalamika, mzee aende nyumbani. Watoto wake walikuwa Mombasa na mkewe kaburini, na nyumbani kwake hapakuwa na lolote la kumwamsha asubuhi ila gereji. Mimi nilimpenda mzee yule, nasema wazi, na nilijiapia malalamiko hayo hayatatoka kwenye gari nililoligusa mimi. Kumbe nilikuwa najiapia uongo.

Katikati ya miaka hiyo, mpaka wa Tanzania ukiwa umeshafunguliwa tena, gereji yetu iliingiwa na nyumba. Sijui niseme vipi vingine. Kwa nje lilikuwa gari refu jeupe, usukani upande wa kushoto. Kwa ndani kulikuwa na kitanda, jiko la gesi, beseni la kuoshea vyombo, mapazia ya maua, na choo. Choo hicho kilizua mjadala wa siku mbili. Hakuna fundi aliyekubali kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kubeba choo chake kutoka Ulaya mpaka Malindi, hali njia nzima kuna vichaka. Akina mama wa sokoni walikuja kuchungulia wakiwa na vikapu vichwani, na mmoja aliuliza kama kuna chumba cha kupanga.

Wenyewe walikuwa wazee wawili waliostaafu, Bwana Willem na mkewe Bi Hanna. Ujanani mwao waliwahi kuishi Tanganyika, mke akiwa muuguzi, na Kiswahili cha Bi Hanna kilikuwa kinyoofu kuliko cha watu wengi wa bara niliofanya nao kazi. Cha Bwana Willem kilikwenda kwa kusukumwa. Walikuwa wakienda Iringa kumwona binti yao aliyekuwa mwalimu huko, kisha warudi Malindi. Walitaka gari lifanyiwe matengenezo yote, na fundi mmoja afuatane nao, maana walisikia vipuri ni shida upande wa pili. Tajiri akanitaja mimi. Alisema Fundi Mselem haoni vibao vya barabarani, na mimi sina mke na sili sana. La pili halikuwa kweli.

Tulilihudumia gari lile siku nne. Tulibadilisha oili na chujio, viatu vya breki, mipira ya rejeta, tukatia grisi kila mahali penye chuchu ya grisi. Siku ya tatu Fundi Mselem akabana bisibisi yake sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema chini kuna kitu kimelegea, tufungue.

Niwaeleze kwa ufupi, kwa faida ya msiowahi kufungua injini ya zamani. Kila pistoni ina mkono, na kila mkono una kofia yake ya chuma inayoubana kwa boliti mbili kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndani yake hukaa beringi nyembamba za nusu mwezi. Mkono na kofia yake vilichongwa pamoja kiwandani, na kofia ya mmoja haivaliwi na mwingine hata zikifanana kama mapacha. Ndiyo maana hupigwa chapa ya namba. Hizi za Bwana Willem hazikuwa na namba. Mtu fulani aliyeifungua injini hiyo zamani alizisugua zikafutika, na Mungu atamwuliza.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Fundi Mselem alizifungua kofia zote nne kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, akianzia mbele ya injini, akazilaza juu ya mkeka. Adhuhuri ilipokaribia alinawa, akavaa kanzu, akaniambia nizisafishe kila moja na kuirudisha mahali pake, tutafunga akitoka msikitini. Nilizisafisha. Tajiri akapita, akauliza mbona gari la wageni bado liko wazi na kesho wanaondoka. Hakuniamuru nifunge. Nilijiamuru mwenyewe. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, nilikuwa nakwenda nchi ya nje, na nilitaka mzee akirudi akute kazi imekwisha aseme huyu sasa ni fundi. Kuuliza si ujinga, lakini siku hiyo niliona hakuna la kuuliza. Kofia nne, mikono minne. Nikaweka beringi mpya, nikatia oili, nikakaza boliti, nikafunga karai la oili la chini ya injini.

Aliporudi alisimama kidogo, kisha akauliza, "Umezifuata kama nilivyozipanga?"

Nikamjibu ndiyo, kama zilivyokuwa. Nilijibu kwa moyo mweupe. Tukawasha. Alisikiliza kwa bisibisi, akasema injini ni nzito kidogo, lakini beringi mpya huwa nzito. Akachukua zile beringi kuukuu, akazifunga ndani ya gazeti kwa uzi, akalitia furushi chini ya kiti.

Tuliondoka Jumamosi. Tulipita Gede na Tezo, Bi Hanna amefungua dirisha, mimi nimekaa kulia ambako kwenye gari lolote la kwetu angekaa dereva. Watu walinipungia mkono wakidhani naendesha, kisha wakaona sina usukani. Bwana Willem hakuweza kuona mbele akitaka kupita lori, kwa hivyo nilikuwa jicho lake: nikisema bado, alibaki, nikisema pita, alipita. Kwenye foleni ya feri ya Kilifi Bi Hanna aliwasha jiko, akapika chai, akawapa na mabaharia wa feri vikombe vya bati. Mmoja wao aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kuhusu choo.

Pale Lunga Lunga ofisa wa uhamiaji aliniuliza kazi yangu. Nikasema fundi wa magari. Akaandika hivyo hivyo, akagonga mhuri, na mwenzake wa upande wa Tanzania akagonga wake. Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi, na sasa serikali mbili zilikuwa zimekubali kabla ya Fundi Mselem mwenyewe. Niliitazama ile karatasi mpaka Tanga.

Kila asubuhi kabla ya chai nilipima oili na maji, nikagusa magurudumu kwa kiganja kuona lipi lina joto, nikatia grisi. Asubuhi ya tatu tulipita Muheza, tukaingia penye mashamba ya mkonge pande zote mbili za barabara, na hapo injini ikaanza kugonga. Ilikuwa sauti ndogo kavu, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Nilimwambia Bwana Willem azime papo hapo. Alizima, na hilo ndilo lililoiokoa krenki.

Trekta la shamba la mkonge lilituvuta mpaka kwenye banda lao la matengenezo. Fundi wa matrekta pale, mtu wa makamo aitwaye Mashaka, alitupa kona yenye kivuli na hakuuliza maswali. Bwana Willem ndiye aliyekuwa na maneno. Alisema alimwona kwa macho yake yule mzee wa Malindi akipapasa boliti, na alijua tangu siku ile kwamba kipofu amepewa injini yake. Alipanda lori la shamba akarudi Muheza, posta, akampelekea Tajiri telegramu: fundi wako mzee ameharibu injini.

Nami, naandika haya kwa aibu, nilinyamaza. Nilijiambia hatujui bado kilichoharibika. Lakini nilijua ni nani aliyefunga.

Lori lilipokwisha kuondoka nililala chini ya gari nikafungua. Ndani ya oili mlikuwa na chembe zinazong'aa. Nilifungua kofia ya kwanza, beringi yake ilikuwa imekwaruzika. Kabla ya kuitoa ya pili nikafanya nililofundishwa, nikafumba macho, nikapitisha ukucha pale kofia ilipoungana na mkono wake. Ukucha ukakwama. Nikajaribu ya tatu, ukakwama. Ya nne, ukakwama. Nilizitoa zote. Nikaijaribu ile ya nne kwenye mkono wa kwanza, bila beringi, nikapitisha ukucha, ukateleza moja kwa moja. Ya kwanza kwenye mkono wa nne, ukateleza. Ya pili na ya tatu nazo zilikuwa zimepishana vivyo hivyo. Nililala pale chini na kofia kifuani, nikawa nauona mkeka wa Ijumaa. Fundi Mselem alianzia kulia, kama alivyofundishwa na maalimu wake kuandika herufi za Kiarabu. Mimi nilianzia kushoto, kama nilivyofundishwa shuleni Kakuyuni. Miaka mitatu tulifanya kazi pamoja, na kwa sababu magari mengine yote yalikuwa na namba, jambo hilo halikutudhuru hata siku moja. Naye hakunieleza, kwa kuwa nani humweleza mtu mzima mahali pa kuanzia?

Bwana Willem aliporudi nilimwambia. Kiswahili chake hakikutosha, Bi Hanna akawa anafasiri, na nilimwona akitafuta maneno ya kunilainishia. Nikamwomba asilainishe.

Bwana Willem akaniuliza kupitia kwa mkewe, "Kwa nini unatuambia? Telegramu imeshakwenda. Hakuna mtu angejua."

Nikamwambia, "Mzee atafukuzwa kwa kosa langu."

"Na sasa utafukuzwa wewe."

"Mimi ni kijana," nikasema. "Kwetu kuna mihogo."

Bi Hanna hakulifasiri hilo la mihogo. Alisema tu kwamba kesho asubuhi atanipeleka posta yeye mwenyewe. Tulikwenda, na nikaandika hivi: KOSA NI LANGU. NILIFUNGA MIMI. FUNDI ALIPANGA SAWA. KAHINDI. Karani wa posta alisoma, akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema peleka.

Sasa kazi. Jozi mbili za beringi mpya zilikuwa hazifai tena, na Tanzania nzima ya wakati ule usingepata nyingine bila kungoja wiki nyingi. Ndipo nikalikumbuka furushi la gazeti chini ya kiti. Nilipima zile kuukuu moja moja kwa vidole, nikapata jozi mbili zilizolika kwa usawa. Krenki ilikuwa imepata mikwaruzo midogo. Mashaka alinifundisha la kwao: ukanda wa msasa laini kabisa uliolowa oili, juu yake kamba ya mkonge iliyozungushwa mara moja, halafu watu wawili wanavuta, huku na huku, polepole, kwa mkono usioharakisha. Tulivuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mimi na yeye, kila baada ya muda tukipangusa na kupitisha ukucha. Msiifanye kazi hiyo leo, mashine ya kuchonga ipo. Lakini kama mtakuwa mahali ambapo haipo, kamba ya mkonge ipo.

Nilifunga kofia zote nne mwenyewe, kila moja kwa mkono wake, nikizungusha krenki baada ya kila boliti kuhakikisha inakwenda. Safari hii ilizunguka kwa mkono mmoja. Tulipowasha, nilibana bisibisi sikioni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikusikia lolote la kulalamikia. Mashaka aliniuliza nani alinifundisha. Nilimtaja Fundi Mselem wa Malindi kwa jina lake kamili na la baba yake.

Tulisafiri pole siku mbili za mwanzo, Bwana Willem akiwa na sikio moja kwenye injini na mimi nikiwa na mawili. Alikuwa hanisemeshi sana. Kisha tukafika mlima wa Kitonga, ambako barabara hupanda kwa kujikunja na malori mengine yalikuwa yamesimama kando, vifuniko wazi, yakitoa mvuke. Gari-nyumba letu lilipanda kwa gia ya pili, sahani zikilia kabatini, taa ya oili haikuwaka hata mara moja. Tulipofika juu Bwana Willem alisimamisha gari, akashuka, akalizunguka, akaja dirishani kwangu. Alinipa mkono. Nimefungua injini nyingi baada ya hiyo, lakini sijapata tena kujisikia vile nilivyojisikia juu ya Kitonga.

Iringa tulikaa siku kumi. Binti yao alitupikia, na wanafunzi wake walikuja kwa zamu kukiangalia choo. Tukarudi kwa njia ile ile bila kufungua hata boliti moja. Kutoka mpakani mpaka feri ya Likoni Bwana Willem alinikabidhi usukani, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akisema bado na pita.

Malindi nilishuka mbele ya gereji nikiwa nimeshajiandaa kwa safari ya Kakuyuni. Tajiri alikuwa ameziweka telegramu zote mbili mezani, moja kando ya nyingine. Bwana Willem aliingia nami na kusema kwamba injini ni nzima kuliko ilivyotoka kiwandani, sifa iliyozidi, lakini sikumkatiza. Tajiri alifikiri, kisha akanihukumu: miezi miwili kwenye karai la boliti, bila kugusa injini. Nilikubali kabla hajamaliza. Nikamwuliza Fundi Mselem yuko wapi.

Tajiri alikuna kichwa. Akasema ilipofika telegramu ya kwanza alimsomea mzee, naye hakubisha. Alisema ni kweli, akafunga spana zake ndani ya turubai, akaenda nyumbani. Ya pili ilipofika Tajiri alimfuata, kwa sababu hata yeye aliona haya. Mzee akamjibu kwamba barua hiyo ni ya kijana anayetaka kumsitiri, asiisadiki. Ndivyo ilivyokuwa: kosa moja, na watu wawili wakiligombania.

Nilikwenda Shela moja kwa moja, mikono bado ina grisi. Nilimkuta amekaa barazani, kikoi kimepigwa pasi, na ule mzigo wa spana umeegemezwa ukutani umefungwa kwa mafundo mawili. Nikamwamkia. Akaitika. Akauliza injini ikoje, nikamwambia imepanda Kitonga na kushuka, haina neno.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ukaiponya kwa beringi kuukuu?"

"Kwa zile ulizotia chini ya kiti."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema, "Sikiza, Kahindi. Najua wanipenda. Lakini usinipambie uongo. Macho yaliponikimbia sikusononeka, kwa kuwa nalikuwa na mikono. Sasa mikono nayo yapanga vitu mrama. Wataka nirudi nikaue watu barabarani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemfanyia. Nilidhani jambo lililokuwa hatarini ni kazi yake. Kumbe kwa wiki tatu alikuwa amekaa pale akiitazama mikono yake kama mikono ya mtu asiyemwamini, na ni mimi niliyemfanya aione hivyo. Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo.

Nilifungua turubai lake bila ruhusa, nikatoa spana nne zilizolingana, nikamwekea mbele yake barazani. Nikamwomba anionyeshe ile kofia ya mbele ya injini aliiweka wapi. Bila kufikiri akaweka kidole kwenye spana ya kulia kabisa.

"Mimi nilianzia huku," nikasema, nikaushika mkono wake nikaupeleka kushoto.

Alizipapasa spana zile kutoka kulia, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akazipapasa kutoka kushoto. Akauliza kwani sisi huanzia huko. Nikamwambia shuleni hatukufundishwa pengine. Nikamweleza kofia zote nne nilizikuta zimepishana, ya kwanza kwa ya nne na ya pili kwa ya tatu, na kwamba zilipokaa mahali alipozikusudia yeye, ukucha haukukwama hata mahali pamoja. Mkono uliokosea haukosei kwa mpango namna hiyo.

Akaishika tena ile spana ya kulia kabisa. Mwadhini alikuwa bado, na njia ilikuwa tupu.

"Kwa hivyo mikono yangu haikukosea," akasema.

"Haikukosea, fundi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akainuka, akaingia ndani, na nikamsikia akivuta viatu vya kazi kutoka chini ya kitanda. Kisha, bila kutokeza mlangoni, akauliza lile gari aliloliacha juu ya jeki kama bado liko juu, na ni mjinga gani aliyeligusa.